Leva ya Goti la Kushoto

Siku ya kwanza nilipoliona gitaa la stili nilidhani ni mashine ya kufuma sweta. Mimi ni mfumaji. Duka langu liko hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, na watoto wengi wa mtaa huu huenda shuleni wamevaa jasho langu. Kwa hiyo kitu chochote chenye miguu minne ya chuma, mwili mrefu wa bapa kwa juu na fito nyembamba kwa chini, macho yangu hukiita mashine kabla hata sijauliza. Tulikuwa Gilgil, kwenye nyumba moja ya shamba ambayo wenyewe walikuwa wakihama na kuuza vyombo vyao uani: makochi, mazulia, birika, viti vya bustani. Nilipita vyote hivyo nikaenda moja kwa moja kwenye mashine yangu, nikainama kutafuta sindano. Hazikuwepo. Mume wangu akaja nyuma yangu, akasimama, akavua kofia.

"Mama," akaniambia, "hii ndiyo ile kitu hulia kwa redio."

Tangu utotoni alikuwa akiisikia sauti ile Jumapili jioni, kwenye nyimbo za kantri za Wamarekani ambazo watu wa Bonde la Ufa tunazipenda utadhani zilitungwa Molo. Ni sauti inayopanda na kushuka bila kukanyaga ngazi. Akiwa mdogo alidhani ni mwanamke analia nyuma ya mwimbaji, baadaye akadhani ni fidla. Siku hiyo Gilgil ndipo alipojua ni chuma na nyuzi, tena ni kitu cha zamani, rangi imechubuka pembeni na pedali moja inapiga kelele. Tulirudi nacho nyumbani badala ya kochi tulilokuwa tumeendea. Nilinuna wiki nzima, nisiseme uongo.

Alijifunza peke yake. Gitaa hilo halipakatwi. Unaliketia kama unavyoketia cherehani. Mkono wa kushoto unateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unakwanyua, mguu wa kushoto unakanyaga pedali, na magoti yanasukuma leva zinazoning'inia kwa chini, moja huku, nyingine kule. Kila pedali na kila leva huvuta uzi fulani na kubadilisha noti yake huku uzi bado unalia. Mwanzoni alikuwa kama mtu anayeendesha magari mawili kwa wakati mmoja. Lakini mume wangu ni mtu wa kurudia jambo moja mpaka jambo lenyewe lichoke. Kwa siku nzima anaweza kusema sentensi tatu, na moja kati ya hizo ni kuomba chai. Jioni akiketi kwenye gitaa hilo, ndipo nilipokuwa nikijua kama siku yake ilikuwa njema au ilimkera, na ni mara chache nilikosea.

Baadaye akaungana na wenzake wakawa bendi, wanaume wanne, wakipiga kwenye harusi na ibada za shukrani kuanzia Nakuru hadi Molo. Kofia pana, mshipi wenye bizimu kubwa, na mabuti. Mabuti yake aliyang'arisha kwa namna ambayo hata mimi sijawahi kung'arishwa. Nilimtania hivyo mara nyingi, naye alicheka kwa pua tu na kuendelea kusugua.

Kisha, mwaka jana wakati wa mvua, alianguka. Mume wangu hununua viazi kutoka Kuresoi na kuvileta sokoni Nakuru. Siku hiyo walikuwa wakipakia viazi vya mama yake mzazi, lori limeegeshwa kwenye matope, akateleza kutoka juu ya magunia na nyonga ya kushoto ikavunjika. Alipasuliwa, akawekewa chuma ndani. Alipotoka hospitalini, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na goti lilikuwa limegoma kwenda upande wa nje. Mbele lilienda, nyuma lilienda. Nje, hapana.

Fundi wa viatu alimwongezea soli nene kwenye buti la kushoto, na akivaa mabuti yake, mgeni asingejua. Mama mkwe wangu hakujua. Kwa kuwa viazi vilikuwa vyake na lori lilikuwa kwenye shamba lake, yule mama alikuwa ameacha kula vizuri, anapiga simu kila asubuhi kuuliza mguu. Mume wangu akawa anamjibu kwamba amepona, amepona kabisa. Mimi niko pale kando nasikia, namtazama akijisugua paja.

Lakini gitaa huwezi kulidanganya kwa simu. Kuna leva moja inayokaa upande wa nje wa goti la kushoto. Ukiisukuma goti likienda kushoto, noti ya uzi mmoja inapanda nusu hatua tu, kipande kidogo sana, na hapo ndipo kilio kilipo. Bila leva hiyo gitaa linaongea, halilii. Alipotupa magongo na kuketi tena kwa mara ya kwanza, alisukuma, nyonga ikamzuia katikati ya njia, na noti ikabaki pale katikati, haiko chini wala juu, inakera meno. Alijaribu tena. Akajaribu mara nyingine. Akafunika gitaa kwa kitambaa, akaenda kumwagilia sukuma wiki ambazo nilikuwa nimeshazimwagilia.

Haukupita muda, mwimbaji wao akaja nyumbani. Alizunguka maneno mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema kwamba ibada ya mavuno kwenye kanisa la mama mkwe huko Kuresoi imekaribia, kwamba bendi ilikuwa imeshakubali, na kwamba kuna jamaa mwenye kinanda chenye kitufe cha kuigiza sauti ya stili. Alisema bila kututazama. Mume wangu akamjibu taratibu, sauti ileile anayotumia kuomba chumvi.

"Ikifika hiyo siku na mguu imekataa, leta kinanda. Na baada ya hapo mnisahau tu kwa bendi."

Nilikusanya vikombe nikavipeleka jikoni, na vikombe vyenyewe vilijua nimekasirika. Sikumkasirikia mwimbaji. Nilikasirikia kitufe. Mtu ahangaike na nyuzi miaka yote hiyo, halafu kitu cha plastiki kikae mahali pake, mbele ya mama yake, kikilia machozi ya betri.

Kwa hiyo niliamua: kama goti haliwezi kuifuata leva, leva itakuja kwa goti. Kila siku baada ya kufunga duka nililala chali kwenye kapeti la sebuleni, kichwa chini ya gitaa, tochi ya simu mdomoni, na yeye ameketi kitini juu yangu. Nimefungua na kufunga mashine za kufuma maisha yangu yote, hivyo chuma hakinitishi. Nilichokiona kule chini kilikuwa cha kueleweka. Leva ikisukumwa inazungusha ufito mnene uliolala kwa upana. Kwenye ufito huo kuna kijipande kimesimama chenye matundu. Kwenye tundu moja kimefungwa chuma chembamba kinachokwenda mpaka mwisho wa gitaa kuvuta uzi. Na kule mwisho kuna nati ya plastiki ya kurekebishia noti. Pia kuna skrubu inayoiambia leva isimame hapa, isiende mbele zaidi.

Basi nikaanza na skrubu, kama ambavyo mjinga yeyote angeanza. Nikaikaza. Leva ikawa inasimama mapema, safari fupi, safi kabisa.

"Haijafika," akasema kutoka juu. Noti ilikuwa inakwama kabla ya kufika kwake.

Nikaenda kwenye nati ya plastiki nikaikaza ili ivute mapema.

"Sasa hata nikiiachilia haishuki."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye akangoja nimalize, kisha akaweka goti mahali pake na kusema yuko tayari nikiwa tayari. Hivyo ndivyo alivyo. Mimi huwaka na kuzimika, yeye hukaa tu, na kwa miaka mingi nilidhani huo ni uvivu wa kugombana. Nililala chini ya gitaa lile jioni nyingi ndipo nikajua ni nguvu.

Dawa ilikuwa kwenye matundu. Nilihamisha chuma chembamba kutoka tundu la chini hadi la juu zaidi, mbali na ufito unaozunguka, na sasa goti likisogea kidogo tu, uzi ulivutwa wote. Noti ilifika. Lakini leva ikawa nzito. Kila safari unayoipunguza unailipia kwa nguvu. Hakuna namna ya kulikwepa hilo. Safari ndefu ni laini, safari fupi ni ngumu, na nyonga yake haikutaka urefu wala haikutaka ugumu. Alipoisukuma hakuguna. Ila mimi niko chini, na ukiwa chini humwoni mtu uso, unaona miguu. Niliona vidole vyake vikijikunja ndani ya soksi, vikikaa vimejikunja mpaka noti iishe, kisha vikifunguka polepole. Alirudia. Vikajikunja tena. Kwa mdomo aliniambia iko sawa.

"Usinidanganye," nikamwambia. "Naona vidole."

"Basi inauma," akasema. "Lakini endelea."

Dukani nina mashine moja iliyokufa ambayo naichinja kwa vipuri. Nikang'oa springi ndogo kutoka kwake, nikaifunga kati ya leva na fremu ya gitaa ili iwe inamsaidia kusukuma. Ya kwanza ilikuwa kali mno, ikaisukuma leva yenyewe bila goti. Ya pili ilikuwa dhaifu. Nilizikata na kuzipinda nyingine hata sikumbuki ngapi, na siku moja goti likasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, noti ikapanda ikafika, ikatulia. Nikamulika vidole. Havikujikunja.

Kulikuwa na hasara bado. Leva ya safari fupi huifikisha noti ghafla, wakati yeye alikuwa amezoea kuileta kwa taratibu, aivute mpaka msikilizaji atake kusimama. Sasa urefu wa taratibu zake zote ulikuwa umebanwa ndani ya nafasi isiyozidi unene wa kidole. Nilidhani atalalamika. Alianza upya kama mwanafunzi. Nikiwa jikoni nilimsikia akirudia noti ileile moja, inaruka, inaruka, inaruka, halafu siku fulani ikaacha kuruka na kupanda polepole. Nilizima jiko nikasimama mlangoni kumtazama. Niliolewa na mtu huyu tukiwa wote vijana na sikuwahi kumwonea fahari kama jioni hiyo.

Tukaenda Kuresoi. Hema lilikuwa limesimikwa kwenye uwanja wa kanisa kwa kuwa watu walikuwa wengi, na mbele ya madhabahu kulikuwa na viazi, kabichi, mahindi, maboga na kondoo mmoja aliyechoshwa na sherehe. Mama mkwe aliketi mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani. Mume wangu alikuwa amevaa kila kitu: kofia, mshipi, mabuti yanayowaka. Alitembea kutoka garini hadi pale mbele akiwa amenyooka kabisa, na nilimwona mama yake akimfuata kwa macho, akishusha pumzi.

Jamaa wa kinanda alikuwepo, ameketi kando, kwa tahadhari tu, alisema mwimbaji. Kwaya ya akina mama ilikuwa ikiimba. Mume wangu akaketi kwenye kiti chake, kilekile cha nyumbani tulichokuja nacho, akaweka goti, akasukuma kimyakimya kujaribu. Nikaona shingo yake inakaza. Akasukuma tena. Akanitazama.

"Imekuwa ngumu," akasema. "Ni kama umeifunga."

Nikaingia chini ya gitaa na nguo yangu ya kanisa, watu wakitazama. Chuma kiko kwenye tundu lake. Springi iko. Skrubu haijasogea. Nikakagua tena, nikisikia kwaya inakaribia ubeti wa mwisho. Kila kitu kilikuwa vile nilivyokiacha sebuleni. Kisha nikayaona mabuti.

Katika nyumba yangu hakuna mtu anayekanyaga kapeti na viatu. Vumbi la Nakuru nalijua, na sheria hiyo haina msamaha, hata pasta huvua mlangoni. Jioni zote zile nilikuwa nimeipima leva kwa mguu wenye soksi. Sasa kulikuwa na kisigino cha buti, na chini yake soli nene ya fundi wa viatu, na goti lilikuwa limepanda juu mpaka karibu na bawaba ya leva. Jaribu kufungua mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba zake, utajua alichokuwa akisukuma. Mimi na kapeti langu ndio tulioharibu.

Mwimbaji aliinama akapendekeza tuweke matofali chini ya miguu ya gitaa. Nikamwambia pedali zimefungwa kwenye miguu hiyohiyo, zitapanda nazo, na tutakuwa palepale. Kurekebisha upya kungechukua saa nzima. Kwaya ilikuwa inaketi.

"Ni viatu," nikamnong'oneza mume wangu.

Aliyatazama mabuti yake. Kisha akainua macho akamtazama mama yake, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, anatabasamu. Nilijua anachopima. Akivua, kila mtu ataiona ile soli, na akisimama, mama yake ataona jinsi anavyotembea. Nikamwambia aache, siku nyingine ipo, kinanda kipige leo.

Aliinama akavua buti la kulia. Kwa la kushoto nyonga haikumruhusu kuinama vya kutosha, akajaribu mara moja, kisha akaunyoosha mguu kuelekea kwangu, mbele ya kanisa zima. Nikapiga magoti nikalivuta. Nililiweka kwenye nyasi, na lilisimama pale na soli yake nene, watu wote wakalitazama.

Akaanza kupiga.

Sijui kuandika muziki, na sitajaribu sana. Nitasema tu kwamba ilipofika mahali pa leva, noti ilipanda polepole ikachukua muda wake wote, na wazee wa Kuresoi ambao hawapigi makofi kanisani walitikisa vichwa kwa kukubali. Jamaa wa kinanda alikuwa amefunga macho. Mimi nilikuwa natazama zile soksi. Vidole vilikuwa vimelala.

Walipoitwa watu kupeleka shukrani mbele, aliinuka akaenda na soksi zake. Hakuyarudia mabuti. Alichechemea kwa uwezo wake wote, bega likishuka na kupanda, na njia hiyo ilipita mbele ya mama yake. Yule mama alisimama akamshika mkono.

"Kumbe uko hivi," akamwambia.

"Niko hivi, Mama. Na umesikia vile nimepiga."

Mama alijipachika upande wake wa kushoto, akaupitisha mkono wake kwenye kwapa la mwanawe, na wakaenda pamoja hadi kwenye zile kabichi, wanayumba wote wawili. Siku hizi akipiga simu haulizi mguu. Anauliza watapiga wapi.

Bendi inaendelea. Sasa anabeba ndara za kupigia ndani ya mfuko wa gitaa, na kwenye mabango bado wamempiga picha na mabuti, tunacheka. Mimi nilidhani kazi yangu chini ya gitaa imeisha, kwamba leva ile itakaa hivyo kwa kuwa nyonga itakaa hivyo. Daktari alikuwa ametuambia tusitarajie mengi. Basi juzi, nikiwa napanga nyuzi za sweta, akaniita sebuleni.

"Mama, hebu ingia chini. Hii leva inafika haraka sana, inanisumbua. Ongeza nafasi kidogo."

Nikamuuliza nafasi ataipeleka wapi. Akanionyesha. Goti likaenda kushoto, likapita pale lilipokuwa linagomea, likaenda zaidi kidogo. Akasema amekuwa akilisukuma kila siku nikiwa dukani na hakutaka kuniambia mpaka awe na hakika.

Nikalala chali kwenye kapeti. Nikatoa springi, nikarudisha chuma kwenye tundu lake la chini, la kwanza kabisa, la Gilgil, nikalegeza skrubu. Akasukuma, na noti ikaja kwa mwendo wake wa zamani. Nilipaswa kutoka. Nilibaki palepale chini ya gitaa, tochi imezimwa, machozi yakiteremka kuelekea masikioni, na yeye, kwa kuwa kutoka pale juu alikuwa anaona miguu yangu tu, alidhani bado narekebisha skrubu, akaendelea kusukuma taratibu ili anisaidie kuipima.